Mabamba: nimeenda mara mbili kumtazama ndege wa mtalawanda, na mara ya pili dalali nimemuacha Kampala

Mimi ni dereva wa treila, Mombasa-Kampala, huu mwaka wa tisa, na Uganda nilokuwa naijua ni foleni ya mpakani Malaba, hoteli za Naluwerere na yadi za kushushia mzigo, basi. Naandika hii mana wenzangu wananicheka eti nimetoa pesa yangu kwenda Mabamba, kinamasi cha Ziwa Viktoria upande wa Entebbe, kuangalia ndege mmoja mkubwa mwenye mdomo kama kiatu, na kila nikianza kuwahadithia wanacheka hata sijafika kwa ndege mwenyewe. Haya, someni hapa mcheke mkimaliza.

Ilianza na makaratasi. Kontena limefika Kampala, ajenti anasema kesho, kesho ikifika anasema kesho, siku ya tatu tushacheza drafti mpaka vizibo vimechoka. Nilikuwa na dereva mmoja mtu mzima wa Tanga, mimi namwita ami kwa heshima tu si ami wa damu, akasema mwanangu mimi nimepita nchi hii miaka ishirini nimeona matairi ya mbele yangu tu, leo nataka nione kitu. Ndo tukaingia mjini kwa dalali wa safari, kaofisi kamejaa picha za sokwe ukutani, kijana anaongea vizuri mpaka unaona haya kuuliza bei mara mbili. Ahadi: gari la juu, darubini mbili, chakula, kutoka saa kumi na moja alfajiri.

Gari lilikuja saa mbili kasorobo. Kigari cha chini, kikikutana na jiwe kinaomba radhi. Darubini moja, na jicho lake la kushoto limeingia ukungu ndani kwa ndani, na chakula kilikuwa chupa mbili za maji na kichane cha ndizi. Jina la ofisi silitaji, sitaki maneno, lakini mtu akikwambia "kila kitu kimo" muulize kimo wapi.

Njia yenyewe nzuri. Mnashuka barabara ya Entebbe mpaka Nakiwogo, mnavuka na feri kwenda Buwaya (mtu wa Likoni akiiona ile feri atauliza ya watu wazima iko wapi), halafu vumbi jekundu mpaka Mabamba. Kwa sababu ya kuchelewa tulikosa feri moja tukangoja nyingine, tukafika dikoni saa nne na nusu jua lishakasirika.

Ila kuanzia hapo mimi sina lawama kubwa. Pale dikoni wenyeji wana chama chao cha waongozaji, unaandika jina kwenye daftari, unalipa mezani, unapewa jaketi la kuokolea na mtumbwi na watu wawili, mmoja wa kuelekeza mbele na nahodha nyuma. Hesabu ilikuwa kwa mtumbwi mzima, si kwa kichwa. Ami akauliza bei kwa kupeleleza tu, alivoambiwa akanyamaza kimya kirefu. Pesa tulompa dalali ingetutoa Kampala ikatupandisha mitumbwi miwili, kila mtu na wake kama sultani, na chenji ya samaki juu.

Mtumbwi ni wa mbao na kiinjini kidogo nyuma. Mnatoka kwenye maji mapana kisha mnaingia vichochoro ndani ya mafunjo, na mafunjo yenyewe ni marefu kukupita ukiwa umesimama, vichwa vyake kama fagio zilizogeuzwa juu. Hapo injini inazimwa. Nahodha akatoa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, nikafurahi mana upondo mimi naujua tangu utotoni, lakini kwetu upondo unagonga mchanga, huku unazama kwenye tope halafu tope linakataa kuuachia, kila akiuvuta linatoa sauti kama mtu anafyonza mifupa. Maji rangi ya chai ya mkandaa. Juu yake yungiyungi zimetanda, na kuna kijindege chekundu chekundu kina vidole virefu ajabu kinatembea juu ya majani hakizami, ami akasema huyu angefaa kuvuka mizani, hana uzito. Mdiria nao wako, wale wadogo wa buluu na mdomo mwekundu, mmoja alitua kwenye ukingo wa mtumbwi wa mbele yetu kama abiria.

Muongozaji wetu alikuwa anasema Kiswahili, alijifunza visiwani huko ziwani kwa wavuvi. Hii nataka kuieleza kidogo kwa walio nje ya Uganda. Watu wazima wengi hapa ukiwasemesha Kiswahili wanakuangalia kwa jicho la pembeni, kwao kwa miaka mingi kilikuwa lugha ya askari na ya kuporwa. Kikatiba ni lugha rasmi ya pili tangu 2005, na 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe shuleni kwa lazima, lakini mtaani bado Kiganda ndo mwenye nyumba. Kwa hiyo kupata mtu anakuongoza kwa Kiswahili, hata kama ni kile cha "hii ndege nakaa pale", ni raha.

Sasa akatwambia, "Hii ndege nakula mamba sana, mamba iko mingi hapa, chini ya mtumbwi kabisa." Ami akakunja miguu. Wallahi mzee alikuwa ameninginiza mkono majini akaurudisha kama kashika pasi ya moto, akaniambia kwa sauti ya chini mwanangu huyu mtu ametuleta wapi. Tulikaa hivo dakika nzima tunatazama maji. Kumbe kwa Kiganda emmamba ni kamongo, yule samaki wa matope mrefu kama nyoka, wale mnaolala Kisumu mnamjua. Mamba wetu wa meno wao wanamwita jina lingine. Muongozaji alicheka mpaka upondo ukasimama, halafu akasema yeye mwenyewe ni wa ukoo wa Mmamba, yani huyo samaki ni mwiko wao, hamli. Ami hakumuachia: "Kwa hiyo wewe kazi yako ni kuleta watu waangalie ndege anavokula mwiko wenu?" Akajibu, "Ndiyo mzee, na wananilipa."

Huyo kamongo ndo siri ya safari nzima. Anavuta hewa, ana mapafu, kila baada ya muda lazima apande juu apumue. Ndege anajua. Anasimama palepale kama mlingoti anangoja pumzi ya mwenzake.

Tukamuona. Vitabu vinamwita korongo-nyangumi, Waganda wanamwita bbulwe, Wazungu wanamwita kwa jina la kiatu, lakini mimi nasema mdomo ule ni mtalawanda, ule wa mbao wa bibi zetu wa kwendea chooni, mpana, mzito, una ncha imepinda mbele kama kulabu. Rangi ya kijivu cha saruji mbichi. Kisogoni ana kishungi kidogo kimesimama kama mtu ameamka hajachana. Urefu ananifika kifuani karibu, wanapanda mpaka mita moja na robo hivi na zaidi, na jicho lake la rangi ya manjano iliyochujuka halikuangalii wewe, linaangalia kitu nyuma yako. Jina la korongo tu, wataalamu siku hizi wanasema udugu wake wa karibu ni wa mwari.

Hapa ndo lawama yangu ya pili, na hii si ya dalali. Tulikuwa mita kama kumi na tano hivi, kimya, mara mitumbwi mingine ikaja, wa pili, wa tatu, mpaka mitano, na nahodha mmoja akataka wageni wake wapate picha ya karibu akasukuma mtumbwi mpaka kwenye majani yenyewe. Muongozaji wetu akamwambia "mpola mpola!", yani polepole, hakusikia. Ndege akainama kidogo, akafungua mbawa, na mbawa zile ni mita mbili na ushei, kivuli kikatupita juu ya kichwa, akaenda. Kila mtu akapiga picha ya makalio ya ndege. Muongozaji hakusema kitu, akakaa anatengeneza kamba ambayo haikuharibika.

Njiani kurudi ndo akatueleza wavuvi wa zamani walikuwa wanamchukia, ukikutana naye asubuhi basi nyavu zako siku hiyo tupu, nuksi, kwa hiyo walikuwa wanamuua. Na kutaga anataga mayai mawili matatu lakini kwa kawaida anakuza kinda mmoja tu, sasa ukiua wawili watatu umemaliza mtaa. Siku hizi nuksi imegeuka riziki, na baadhi ya hao hao wavuvi ndo wanaendesha mitumbwi ya wageni. Kinamasi chenyewe kina hekta 2,424, kiliingia orodha ya Ramsar mwaka 2006, yani ardhioevu zinazotambuliwa dunia nzima. Mimi hizo hekta sikuzielewa mpaka nilipokumbuka mafunjo yale ya Lubigi tunayoyapita Northern Bypass ya Kampala, kila safari naona udongo umemwagwa, kibanda kimeota. Nilidhani ni takataka ya maji tu yale.

Nilirudi miezi miwili baadae, peke yangu, ami alikuwa na mzigo wa Juba. Safari hii nililala Entebbe, nikawahi feri ya kwanza Nakiwogo, Buwaya nikachukua boda mpaka Mabamba, vumbi nililikula lakini saa moja na nusu nshakaa mtumbwini. Tofauti ni usiku na mchana. Jua la pole, ukungu unatoka kwenye mafunjo, hakuna mtumbwi mwingine. Jaketi nililopewa kwanza kifungo chake kimevunjika, nikasema, wakabadilisha bila maneno. Bao la kukalia ni la chini na halina mgongo, mwenye maradhi ya kiuno abebe mto, na choo ni kile cha dikoni tu kwa hiyo chai ya asubuhi muinywe kwa akili. Kofia lazima, kivuli hakuna. Na ahadi ya kumuona ndege hawakupi, wanasema tutatafuta. Wengine wanakata tamaa wanaenda kumtazama kwenye bustani ya wanyama Entebbe, yuko pale pia, ila huko mtamtazamia kwenye uzio.

Muongozaji alikuwa yule yule. Ndege tulimpata baada ya saa nzima, amesimama pembeni ya kidimbwi kidogo, na safari hii jamaa akamwambia nahodha asimamishe mbali, tukae. Tukakaa. Dakika kumi. Ishirini. Mimi nina kazi ya kungoja, nimengoja Malaba siku nne nikiwa nalala kwenye usukani, lakini huyu ndege ni fundi. Hapepesi. Nzi anamtembea mdomoni hashtuki. Kichwa kinashuka taratibu mno, ukimtazama hakiendi, ukiangalia pembeni ukirudi kimeshuka.

Dakika ya arobaini na kitu simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Najua ni ajenti, mana asubuhi ile hakuna mwingine wa kunipigia. Nikaibana na paja.

Halafu ndege akaanguka. Sina neno lingine, hakudona, alianguka mzima mzima kifudifudi na mbawa wazi kama mwavuli umegeuzwa na upepo, maji na majani yakaruka. Akajiinua kwa kusukuma na mbawa, mdomo umejaa gugu, akawa anautikisa huku na huku anaacha majani yadondoke kidogo kidogo kama mama anapepeta mchele, na katikati ya majani mkia wa kamongo unajipinda, mweusi, unamchapa shingoni. Akambana tena, akambana, akainua kichwa, akameza. Kisha akanywa maji. Akarudi kusimama vile vile kama hakuna lililotokea. Mtu wa ukoo wa Mmamba mbele yangu akavua kofia akajifuta uso, akasema, "Pole sana jjajja," yani babu kwa Kiganda, sijui alikuwa anamwambia samaki au mimi.

Nyota: watu wa Mabamba nawapa nne na nusu, nusu nimekata kwa ajili ya wale mitumbwi mitano, wawekeane sheria ya umbali na mwenye kuivunja akae dikoni wiki. Dalali nampa moja, na hiyo ni ya ndizi. Kama mko Kampala mnangoja mzigo nendeni wenyewe, lipeni pale pale mezani, na mkipata muongozaji anayewaambia mkae basi kaeni, kisha mumtoe kitu kidogo mkononi mana kukaa hakumo kwenye bei.

Ajenti nilimpigia nikiwa kwenye feri. Kontena lilikuwa limetoka saa mbili na nusu, zamu ya kushusha ilikuwa yangu, sikupokea, akampa mwingine. Nilifika yadi nikawa wa kumi na saba.