Kamba ya milimita 11 yenye jicho la kushonwa, kwa anayewinda akiwa mtini

Nilipoifungua kamba hii sikuanza na rangi wala ulaini wake. Nilikwenda moja kwa moja kwenye jicho, pale ncha ilipokunjwa na kushonwa juu ya kamba yenyewe. Kamba ni ya kijani kilichoiva, uzi wa mshono ni mweupe, na juu yake imevalishwa ala ya plastiki angavu. Nikafurahi sana. Mtu anayewinda akiwa ameketi kwenye mkanda wa kukalia, kamba moja ikiwa imezunguka shina na kumshika, uhai wake unapita kwenye vidole vichache vya uzi. Lazima auone uzi huo kila anapopanda.

Kibandiko kinasema kamba imetengenezwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 1891, aina A. Maana yake ni kamba yenye kiini kilichofunikwa na ganda la kusukwa, na isiyovutika sana. Kiwango hicho kinadai kamba tupu, isiyo na jicho wala fundo, ihimili kilonewtoni 22, lakini ikishatengenezwa ncha inadaiwa kushikilia kilonewtoni 15 kwa dakika 3. Kilonewtoni 1 ni kama uzito wa kilo 100. Nawasihi wenzangu msome namba zote mbili, kwa sababu wauzaji wengi hutangaza ile ya kwanza, na hakuna anayening'inia kwenye kamba tupu. Mtengenezaji wa hii ameandika nguvu ya kamba pamoja na jicho lake, na kwangu hilo ni jambo la uungwana.

Kaka yangu mkubwa, ambaye hupanda nami, hataki kusikia habari ya mshono. Yeye hufunga fundo lenye umbo la namba nane, basi. Hoja yake ni nzito: fundo unalifungua, unalitazama ndani na nje, unalifunga upya. Lakini fundo huibana kamba kwenye kona kali na kuipunguzia nguvu, kati ya humusi na theluthi hivi, na uvimbe wake hukwama kwenye magome kila unapoisogeza kamba juu ya shina. Jicho la kushonwa hulala bapa na kuteleza. Kwa mtu anayetaka kupanda kimya alfajiri, tofauti hiyo si ndogo.

Wapo watakaouliza kwa nini nisifume jicho langu mwenyewe. Nafuma, ila si kwenye kamba ya aina hii. Kamba iliyo wazi ndani, ile ya nyuzi 12 za poliethilini kama Dyneema, inakubali vizuri: ncha unaizika ndani ya kamba kwa urefu wa mara 72 hivi ya kipenyo, yaani karibu sentimita 58 kwa kamba ya milimita 8. Unaipunguza unene taratibu kuelekea mwisho ili kamba isipate bega la ghafla, kisha unaifunga kwa mishono michache ya mkono isije ikachomoka kamba ikilegea. Mishono hiyo haibebi mzigo. Mzigo unabebwa na msuguano wa kamba inayojibana yenyewe. Kamba hii ya milimita 11 haina nafasi hiyo. Kiini chake kimejaa na ganda limekaza. Ukilazimisha ncha iingie utavuruga uwiano wa ganda na kiini, na hakuna mzani nyumbani utakaokuambia kilichobaki kina nguvu kiasi gani. Vilevile msithubutu kushona jicho kwa sindano na uzi wa viatu, hata mkono wako uwe hodari namna gani. Kiwandani hushona kwa mashine yenye mpangilio mmoja usiobadilika, halafu huvuta sampuli mpaka zikatike. Wewe ukilivuta la kwako mpaka likatike, huna tena jicho.

Sasa ala yenyewe, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Nimeona watu wakifunika mshono kwa utepe mweusi wa mafundi umeme, au wakiuchovya kwenye mpira wa majimaji unaoganda. Unapendeza, ndiyo, lakini umeuzika ukiwa hai. Uzi ukikatika chini ya mpira ule hutajua. Ala angavu inaniruhusu kupitisha macho na kidole: nione uzi uliosimama nywele, safu iliyolegea, rangi nyeupe iliyogeuka kahawia kwa utomvu. Kuchagua uzi wa rangi tofauti na kamba ni sehemu ya ulinzi huohuo.

Kasoro yake ni ufupi. Ala inaishia kabla ya pale miguu miwili ya jicho inapoachana, na pale ndipo penye kazi. Ukipitisha kitu kinene kwenye jicho dogo, miguu hiyo hutanuka na kuanza kuubandua mshono kutoka safu ya kwanza, badala ya kuuvuta kwa urefu wake wote. Safu ya kwanza ndiyo inayoumia mapema, na kwenye kamba hii ndiyo iliyoachwa wazi kwa magome. Jicho lenyewe ni dogo, linaikumbatia karabina, ile pete ya chuma yenye mlango, vizuri isigeuke upande. Hilo nalisifu, lakini anayependa kupitisha mkia wa kamba ndani ya jicho badala ya kutumia karabina ajue kwamba fundo la usalama la mwisho wa kamba halitapita. Itabidi alifungue kwanza na kulifunga tena kabla ya kuuegemea uzito.

Msijaribu kuongeza ala ya pili kwa moto. Plastiki hizi hunywea kwa joto kali, na mashine ya hewa moto inaweza kufika mamia ya nyuzi joto za Selsiasi. Poliesta huyeyuka kwenye nyuzi joto 255 hivi, nailoni za kawaida kati ya 220 na 260, na Dyneema karibu na 150 tu. Uzi hupotewa na nguvu kabla hata haujayeyuka, na kwa macho utauona mzima. Kiberiti ndiyo kabisa, usikisogeze.

Nilichofanya mimi ni kuvisha kipande cha utepe mpana wa kitambaa uliofumwa kama bomba, kilicholegea, kinachoteleza. Nikipanda nakisukuma kifunike jicho na ile njia panda ambapo miguu yake inaachana. Nikishuka nakirudisha nyuma nikague. Nimekishikilia kwa kamba nyembamba ya mpira. Utepe wa kunasana (Velcro) ungekuwa rahisi kufungua, lakini mlio wake ukifunguliwa msituni utamfukuza kila mwenye masikio. Kipande hicho kimetibu pia tatizo jingine: baridi inapozidi, ala ya plastiki hukakamaa na kukwaruza gome kwa sauti kavu. Kitambaa hakisemi kitu.

Maji na mchanga huingia kwenye ncha za ala na havitoki kwa hiari. Baada ya mvua naining'iniza kamba jicho likitazama chini, kivulini, maana jua nalo hula nyuzi. Nikiona chembe za mchanga ndani naiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini huku naikunjakunja. Kamwe siiweki karibu na betri za gari. Asidi yake huila nailoni, na madhara yake huenda usiyaone.

Kwenye miti myembamba kamba hii hainiridhishi. Sehemu iliyoshonwa, ikichanganyika na ala, ni ngumu kama mpini. Haikunjiki kufuata shina, inasimama kando na kuegemea ukingo mmoja wa ala. Kwenye shina nene inalala sawasawa. Anayewinda zaidi kwenye miti michanga atafute yenye mshono mfupi au ya milimita 8, mradi asome nguvu yake pamoja na jicho na ahakikishe kifaa chake cha kushikia kamba kinakubali unene huo.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano naiweka pembeni mpaka mtengenezaji arefushe ala kwa sentimita mbili tu ivuke ile njia panda, na aweke mwaka wa kutengenezwa ndani ya ala. Sasa ameuchapa kwenye karatasi iliyoshonwa nje, nayo imeanza kufutika. Watengenezaji wengi wa vifaa vya namna hii huweka ukomo wa miaka 10 hata kama havijatumika, na mwenye kamba asiyeweza kusoma mwaka wake atauhesabu kwa kubahatisha.