Chupa ya chai ipi ununue kabla Ramadhani haijaingia

Ramadhani ikikaribia, pale Darajani, soko la mjini Zanzibar, panajaa chupa za chai, za maua, za chuma, za pampu, na watu wanachagua kwa rangi. Jamani rangi haina kazi, unacholipia pale ni utupu, yani baina ya kuta mbili za chupa hewa imetolewa, na pasipokuwa na hewa joto halina pa kupitia kirahisi.

Mana joto tabia yake linatoka penye moto linakwenda penye baridi, likishatawanyika halirudi lenyewe, kipimo cha huko kutawanyika ndo entropia, jina alilolitoa Mjerumani Rudolf Clausius mwaka 1865. Hakuna chupa iliyoshinda hilo, nzuri inachelewesha tu, na sisi tunataka icheleweshe kuanzia baada ya tarawehe mpaka daku, basi.

Namba moja kwangu ni ile ya kioo ndani, inayong'ara kama fedha. Huo mng'aro si pambo, unarudisha ndani joto linalotoka kwa mionzi, na kioo chenyewe kinapitisha joto kidogo kuliko chuma kwa mbali sana, kwa hiyo hata pale shingoni kuta mbili zinapokutana halivuji sana. Na bei yake ya kawaida. Ubaya unajulikana, ikianguka imekwisha, kwenye nyumba ya watoto watukutu skwambii kitu, wewe ruka nenda namba mbili.

Namba mbili, chuma cha pua. Hii ya kwenda nayo shamba, baharini, au kwenye boti ya Pemba. Lakini kuna zinazouzwa zina kuta mbili na hewa imo ndani vilevile, kwa macho hujui. Mwambie muuzaji atie maji yanayochemka, subiri dakika kumi, shika ubavuni kote. Ubavu ukipata moto hamna utupu humo, rudisha, usikubali kuambiwa "zote ndo zilivyo". Kifunikoni kupata uvuguvugu kidogo si neno.

Sasa kifuniko, hapa ndo watu wanapoibiwa. Kuchemsha lita moja ya maji ya bombani kunataka kama kilojuli 300 (kilojuli ni kipimo cha joto), kuyageuza yote mvuke kunataka 2,260 zaidi, kwa hiyo mvuke kidogo tu ukitoka umeondoka na joto jingi. Angalia mpira wa kizibo, uwe mzima na laini, kisha tia maji uipindue chini juu. Ikidondosha hata tone iache.

Ndo mana ya pampu naiweka namba tatu, matundu mengi na mipira mingi. Kwenye hitma au arusi ina raha yake, wageni wanajimiminia wenyewe, ila kwa daku siiamini.

Ya mwisho ile ya plastiki yenye sponji katikati. Sponji inashika hewa isizunguke, si mbaya kwa saa mbili tatu, mwanafunzi wa skuli inamtosha.

Saizi nayo usipuuze. Kikombe cha robo lita na chupa ya lita tatu vyote vikiwa nyuzi 90, halijoto ni moja lakini joto lilomo kwenye chupa ni mara 12, na eneo la kupotezea halikuongezeka kiasi hicho, ndo mana kubwa ilojaa inakaa moto zaidi kuliko ndogo. Lakini ijae, mkiwa wawili nyumbani lita moja yatosha, lita tatu yenye chai nusu itakupoeni tu. Na kabla hujatia chai isuuze kwa maji ya moto, isije kioo baridi kikanywa joto lako bure.

Juisi ya ukwaju na barafu pia tia humohumo. Mwanasayansi James Dewar alipotengeneza chupa hii mwaka 1892 kule London alikuwa anataka kuhifadhi vitu vya baridi kali, chai ilikuja baadae.