Uzoefu wangu: nililipia cherehani, tarehe ikapita, nikadai pesa yangu

Kuhusu cherehani yenyewe sina la kusema, maana haikunifikia. Maoni haya ni ya huduma ya duka la mtandaoni lililopokea pesa yote mapema, likaahidi tarehe, kisha likaanza kunizungusha.

Kabla ya kulipa niliwauliza kwenye chati kama mashine itafika kabla ya siku niliyowatajia, kwa sababu nilikuwa nimeshapokea kazi ya watu ya kushona. Mhudumu akajibu: "Ndiyo, utakuwa nayo kabla ya hapo." Nikalipa, risiti ikaingia papo hapo. Mpaka hapo sina lawama. Maelezo ya bidhaa yalijitosheleza na malipo hayakusumbua.

Siku ikafika, ikapita. Kwenye ukurasa wa kufuatilia mzigo palikuwa na maneno mawili tu: "Lebo imetengenezwa." Kila nikifungua, ni hayo hayo. Huku nao huduma kwa wateja wananijibu, "Ndugu mteja, mzigo wako uko njiani, tunaomba radhi kwa usumbufu." Wengi wetu tukisoma hivyo tunatulia, na ndiyo sababu nataka lieleweke vizuri. Maneno hayo maana yake ni kwamba muuzaji amechapisha karatasi yenye jina na anwani yako. Msafirishaji bado hajapokea chochote. Akishaupokea mzigo, ukurasa hubadilika, unaonyesha saa na kituo ulipopokelewa. Niliwapigia wasafirishaji wakanithibitishia: namba wanaiona, boksi hawajaliona. Kwa hiyo hakukuwa na kitu njiani.

Nilipowaeleza hayo, duka likaniambia nimalizane na msafirishaji. Hili ndilo lililoniudhi kuliko ucheleweshaji wenyewe. Msafirishaji sikumchagua mimi, wamemkodi wao. Sheria za Umoja wa Ulaya, kupitia maelekezo ya haki za walaji ya mwaka 2011, na Sheria ya Haki za Mlaji ya Uingereza ya mwaka 2015, zinasema wazi kwamba bidhaa ikipotea au kuharibika kabla haijafika mikononi mwa mnunuzi, hasara ni ya muuzaji, isipokuwa kama mnunuzi amejitafutia msafirishaji wake mwenyewe. Muuzaji anayekutuma kwa msafirishaji anakutwisha mzigo wake.

Kuhusu muda, nchi nyingi zimejikuta kwenye siku 30. Ulaya na Uingereza, kama hamkupatana tarehe, muuzaji anatakiwa kufikisha bidhaa bila kuchelewa, na isizidi siku 30. Ikipita, unampa muda wa ziada ulio wa haki. Nao ukipita, unavunja mkataba na kurudishiwa pesa. Lakini kama ulimwambia kabla ya kununua kwamba tarehe ni ya lazima, huna deni la kumwongezea hata siku moja. Marekani kuna kanuni ya tangu mwaka 1975: muuzaji wa kwa posta, simu au mtandao asipoweza kutuma bidhaa kwa wakati aliousema, au ndani ya siku 30 kama hakusema, ni lazima akuulize unakubali kusubiri au unataka pesa yako. Kenya nayo, chini ya Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012, bidhaa isipofika ndani ya siku 30 baada ya tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba, mnunuzi anaweza kuuvunja, mradi hajaipokea. Soma sheria ya nchi yako inasemaje kabla hujaandika barua.

Mimi nilikuwa na ile chati. Nikapiga picha ya skrini ya jibu la mhudumu, nyingine ya ukurasa wa kufuatilia, nikaambatanisha risiti na kuandika barua pepe fupi: niliwaeleza tarehe kabla ya kulipa, mliikubali, imepita, mzigo haujatoka kwenu, navunja mkataba na naomba pesa yote irudi kwenye kadi niliyolipia. Nikawapa siku ya mwisho ya kujibu. Sikutukana, sikusimulia shida zangu. Simu zote nilizopiga kabla ya hapo hazikuacha alama yoyote kwao. Barua hii ilijibiwa na msimamizi kwa jina lake.

Jibu la kwanza lilikuwa vocha ya dukani yenye nyongeza kidogo. Niliikataa. Nililipa pesa, na vocha ingenifunga ninunue tena kwa watu wale wale walioshindwa kuniletea. Vocha ni hiari ya mteja, wala mtu asikuambie ndiyo njia pekee iliyopo.

Nikawaandikia kwamba wasiporudisha nitapeleka malalamiko benki. Kwa waliolipa kwa kadi, njia hii ipo: benki inaweza kuidai pesa kutoka upande wa muuzaji kwa sababu bidhaa haikufika. Kwa kadi za Visa na Mastercard, kwa kawaida muda wa kulalamika ni siku 120 tangu siku bidhaa ilipotakiwa kufika, na benki itataka kuona kwamba ulianza kwa muuzaji. Ndiyo maana muuzaji anayekusihi "subiri kidogo tu" mwezi baada ya mwezi anakumalizia muda wako.

Haikufika huko. Pesa ilirudi, ila walikata gharama ya usafirishaji. Usafirishaji upi, wakati boksi halikutoka ghalani? Nikaandika tena mistari miwili, nao wakairudisha.

Naipa huduma hii nyota mbili. Zote ni za yule msimamizi, ambaye tangu aliposhika jambo langu hakunidanganya. Cherehani nimenunua kwingine, kwa muuzaji aliyekubali nilipe baada ya kuipokea.