Mgahawa wa mitaa ya ndani, Magomeni Mapipa: uzoefu wangu kama mteja wa kila siku

Niseme mapema kabisa kwamba maoni haya yana upendeleo. Mimi ni mteja wa kudumu hapa, na mteja wa kudumu hahudumiwi kama mpita njia, hata kama wote wanapakuliwa kutoka sufuria moja. Kwa hiyo nitaeleza pande zote mbili: utakachokipata ukienda leo kwa mara ya kwanza, na kitakachokuja ukishazoeleka.

Mahali ni Magomeni, Dar es Salaam. Ukishuka mwendokasi kituo cha Mapipa unaingia mitaa ya ndani, mwendo mfupi tu kwa mguu. Bango hakuna. Utaona turubai la bluu, mabenchi, meza zenye vitambaa vya plastiki vya maua, na feni moja inayozunguka inapojisikia. Menyu pia hakuna, unauliza "leo kuna nini?" na binti anayehudumia anakutajia vyote kwa pumzi moja kama kondakta anayeita Kariakoo. Kwa sasa wali maharage ni shilingi 2,000, wali nyama 3,000, ugali samaki unaanzia 3,500 kutegemea samaki mwenyewe. Mboga ya majani na kipande cha tikiti au ndizi huja na sahani bila kuulizwa. Asubuhi kuna supu, chapati, maandazi na chai.

Kilichonikamata mimi ni maharage. Maharage ya nazi kila mtu anapika, lakini wengi wanayamaliza kwa pupa ya mchana: tui lote linamwagwa kwa mkupuo, linachemka, linakatika, unaishia kula maharage yanayoelea kwenye maji yenye mafuta juu. Huyu mama (wote tunamwita Mama, wakubwa kwa wadogo) ana mbuzi yake ya kukunia nazi, anakaa nayo asubuhi nyuma ya turubai, anakuna na kukamua mwenyewe. Tui jepesi linaingia maharage yakiwa yameshaiva, pamoja na kitunguu na karoti. Tui zito linasubiri pembeni kwenye bakuli lililofunikwa sahani. Likishatiwa, hatoki pale. Moto ameshaupunguza, anakoroga kwa upawa taratibu, anachota na kumimina tena, na ukimsalimia wakati huo utaitikiwa "marahaba" bila kugeukiwa. Mchuzi unatoka mzito, unashikana na wali, haukimbilii ukingo wa sahani.

Wali nao unategemea mkaa. Chai na chapati ameshahamishia kwenye gesi, na anasema mwenyewe kwamba mtungi umempunguzia moshi. Kwenye wali kagoma. Anataka maji yakikauka apalie makaa juu ya kifuniko, wali uive juu na chini, na ukoko upate rangi ya kahawia. Serikali ina lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Nilipomtania kwa hilo akajibu kwamba basi yeye ataingia kwenye ile 20. Mchele ananunua wa Kyela akiupata. Siku asipoupata utajua kabla hujakaa, maana ile harufu haikupokei.

Kwa upande wa samaki, usije na hamu ya samaki wa aina fulani. Anafuata soko la samaki la Feri alfajiri, na anachorudi nacho kinaamuliwa na bahari. Upepo wa kusi ukikaza katikati ya mwaka, bei inapanda na vipande vinasinyaa. Mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi wa taa hawaambulii kitu cha maana, kwa kuwa dagaa na vibua hufuata taa kwenye giza. Wiki hiyo kula nyama. Nimewahi kumsikia mgeni akilalamika kwamba juzi kibua kilikuwa kikubwa zaidi kwa bei hiyohiyo. Aliongezewa mchicha, hakuongezewa maelezo.

Sasa habari ya kuzoeleka. Hakuna kadi wala pointi. Inaanza siku binti anapokuletea pilipili bila wewe kuagiza, kwa sababu ameshaona huli bila hiyo. Baadaye unaulizwa "kama kawaida?" Kisha unaanza kutunziwa: nikichelewa kutoka kazini nakuta sahani yangu imefunikwa pembeni, na ukoko kwenye kisosi. Ngazi ya juu kabisa ni daftari. Sikuomba kuandikwa. Siku moja nilitaka kulipa kwa simu, mtandao ukagoma, na mfukoni sina hata shilingi mia. Mama akasema, "Nenda kazini mwanangu, utaleta." Tangu hapo nina ukurasa wangu. Mafundi, madereva wa bodaboda, walimu, wengi tuna kurasa mle, na tarehe zetu za mishahara anazijua kuliko wahasibu. Anayekopa akahamia kula mtaa wa pili hatangazwi wala hafuatwi. Ila akirudi siku moja kutaka wali, atakaribishwa kwa heshima zote na kuambiwa maharage yameisha, huku sufuria anaiona.

Gharama yake ipo, na watu hawaisemi. Ukishakuwa wa hapa, huna tena uhuru wa kula kwingine kimyakimya. Pita na boksi la chipsi kuku mkononi uone: "Leo umetukimbia, kaka?" inatoka benchi la nyuma, na unajikuta unajitetea mbele ya watu kuhusu chakula chako mwenyewe. Kulalamika nako kunakuwa kugumu. Nyama ikiwa ngumu, mgeni anairudisha, mimi naitafuna. Chumvi ikizidi namnong'oneza binti, siyo Mama. Kama wewe ni mtu wa kudai thamani ya hela yako kila unapokaa mezani, nakushauri kabisa ubaki mgeni.

Na wageni wajue haya. Saa saba mchana pamejaa, na vile vilivyofunikwa pembeni si vyako. Fika kabla ya saa sita na nusu. Ndoo ya kunawia haikosi maji, ila sabuni ikiisha haikumbukwi mpaka mtu aseme. Msimu wa maembe nzi ni wengi. Noti ya elfu kumi asubuhi inapokelewa kwa mguno, nenda na chenji au lipa kwa simu. Siku ya mechi ya Simba na Yanga usikae karibu na televisheni kama unataka kula kwa utulivu, maana mezani pale ubishi unaanza siku mbili kabla. Kubwa kuliko yote, kukiwa na msiba wanafunga bila taarifa. Hakuna karatasi, hakuna ujumbe, unakuta mabenchi yamepinduliwa juu ya meza na unarudi na njaa yako. Hili linaniudhi mpaka leo, ingawa misiba hiyo mara nyingi na mimi huwa nimechangia.

Masika yana mambo yake. Mvua ikipiga kweli, Jangwani, bondeni kati ya Magomeni na mjini, panajaa maji, mabasi yanasitisha safari, wateja wa upande wa mjini hawafiki na chakula kimeshapikwa. Sisi wa karibu siku hizo tunapakuliwa mpaka tunaomba basi.

Ramadhani ratiba inageuka. Mchana jiko limezimwa, utafute kwingine. Jioni kuanzia alasiri inaanza futari: mihogo na magimbi ya nazi, tambi, kunde, kaimati, uji wenye pilipili manga. Watu wachache hukaa. Wengi wanabeba kwenda kufuturu nyumbani, na foleni ikifika karibu na magharibi hakuna cha mwenyeji wala mgeni, ni aliyewahi. Kwa maoni yangu magimbi yake ndiyo chakula bora kuliko vyote anavyopika mwaka mzima, na wanaokuja mchana tu hawajawahi kuyaonja.

Nenda na chombo chako. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, ile kufungiwa mchuzi kwenye mfuko imekwisha, na bakuli za kuazima Mama hatoi tena kwa sababu hazikuwa zinarudi. Hotipoti inatosha kwa mihogo na magimbi. Kwa uji chukua chupa ya chai au kopo lenye kifuniko cha kuzungusha. La kubandika litakumwagikia kwenye bodaboda kabla hujafika Kigogo.