Pula ya krenki na presi ya kotapini: uzoefu wangu hapa Kisumu

Kama unaendesha baiskeli ya mtumba yenye krenki (mikono inayoshika pedali) za alumini, ukishakuwa na pampu na spana za kawaida, kinachofuata ni pula, kifaa cha kung'olea krenki. Nyundo haina kazi pale. Ncha ya ekseli ya krenki hizo ni ya pembe nne na imechongwa ikipungua kuelekea nje, hivyo kadiri bolti inavyokazwa ndivyo alumini inavyozidi kuibana. Ukiigonga krenki kwa nyuma, kishindo chote kinaishia kwenye gololi na vikombe vyake, na mara nyingi krenki yenyewe inapinda. Kwenye soko la Kibuye nimeshika krenki nyingi za kuuzwa zenye makovu ya nyundo mgongoni, ilhali thredi za pula pale mbele ni mpya kabisa, hazijaguswa. Inaniuma kuona hivyo, maana kazi yenyewe kwa pula ni ya dakika chache.

Pula ina sehemu mbili: kola ya nje inayoingia kwenye thredi za krenki, na bolti ya katikati inayosukuma ekseli. Thredi za krenki nyingi ni za kipenyo cha milimita 22, hatua (nafasi kati ya thredi moja na nyingine) ya milimita 1. Krenki za zamani za Ufaransa, kama Stronglight na TA, zina vipimo vyake, kwa hiyo usilazimishe pula ikikataa.

Pula ya kwanza niliyouziwa mjini niliirudisha. Ncha yake, ile inayogusa ekseli, ilikuwa imeshikana na bolti, haizunguki peke yake. Ncha ya namna hiyo inasaga uso wa ekseli huku ikisukuma, na pale ndipo thredi za bolti ya krenki zinapoanzia. Niliyo nayo sasa haina jina kubwa, ni chuma cheusi cha kawaida, lakini ncha inacheza kwa kidole na thredi za kola ni kali hadi mwisho. Hayo ndiyo ninayomwambia kila mtu ayakague akiwa bado dukani. Jina kwenye pakiti linakuja baadaye.

Kuna suala la ukubwa wa ncha pia, na hapa watu wengi wanapoteza pesa. Ekseli ya pembe nne inahitaji ncha ndogo. Ekseli za Octalink na ISIS, zenye meno na tundu pana katikati, zinahitaji ncha nene, la sivyo ncha inatumbukia ndani na haina cha kusukuma. Park Tool, kampuni ya vifaa vya baiskeli, wanatengeneza pula ya CCP-22 kwa ajili ya ya kwanza na CCP-44 kwa ajili ya ya pili, na CWP-7 inafanya zote mbili. Mimi nina ncha ndogo tu, maana baiskeli zinazoletwa kwangu karibu zote ni za pembe nne. Fungua bolti ya krenki yako uchungulie ndani kabla ya kwenda dukani.

Kazi yenyewe naifanya taratibu. Tope jeusi la Kano likikauka ndani ya thredi linakuwa gumu mno, kwa hiyo naanza kwa mswaki wa zamani na mafuta taa. Nikishatoa bolti naingiza kidole kutafuta washa. Ikibaki ndani, pula inasukuma washa badala ya ekseli, na thredi za krenki zinang'oka zote kwa mara moja. Kola naiingiza kwa vidole, bila spana, mpaka ikome, halafu naikaza kidogo. Hapo ndipo nazungusha mpini. Mwanzoni unakuwa mwepesi, kisha mzito, kisha unasikia mlio mmoja mkavu na krenki inaanza kusogea nje. Nikiona mpini umekuwa mzito na krenki haijatikisika, nasimama, natia mafuta na kuiacha ilale hadi kesho.

Black Mamba ya shemeji yangu, ile baiskeli nzito ya chuma anayobebea maziwa, ni habari tofauti. Krenki zake ni za chuma na zinashikwa na kotapini, yaani pini zenye upande bapa zinazopenya krenki na kuibana kwenye ekseli, hivyo pula haina pa kuingia. Nilimwendea fundi wa kuchomelea akanitengenezea presi: chuma kinene chenye umbo la C, bolti upande mmoja, na upande wa pili tundu la kupokelea kichwa cha pini. Kwa pini iliyotiwa grisi ilipofungwa, inafanya kazi safi sana, na pini inatoka ikiwa nzima ya kutumika tena. Kwa pini iliyokula kutu miaka mingi, ile C inajipanua na haimalizi kazi. Kwa hiyo kipande cha paipu nene bado nakiweka. Nakisimamisha sakafuni chini ya krenki, ndipo nagonga, na kishindo kinashuka ardhini badala ya kuingia kwenye gololi.

Beba pini ya zamani ukienda kununua mpya, kwa sababu kuna za milimita 9 na za 9.5, na kwa macho zinafanana. Upande bapa unatakiwa kupigwa tupa kidogo kidogo hadi ulale sawasawa kwenye ekseli. Pini mbili zielekee pande tofauti, la sivyo pedali hazitakaa mkabala. Kaza nati, endesha kidogo, ukaze tena.

Krenki ya alumini nayo inataka kukazwa kwelikweli wakati wa kurudisha. Kipimo cha kawaida cha kukaza ni kati ya nyutoni-mita (Nm) 35 na 50, na spana fupi ya mfukoni haifiki huko. Mimi natumia soketi ya 14 yenye mkono mrefu. Krenki ikilegea kwenye mwinuko kama ule wa Mamboleo kwenda Kiboswa na uendelee kukanyaga, tundu lake linalika na haitabana tena.

Kifaa ninachokitafuta sasa ni kile chenye meno 20 cha kutolea ekseli zilizofungiwa pamoja na beringi zake. Kinashikwa kwa spana ya 32. Ukikipata kabla yangu, kumbuka kikombe cha upande wa cheni hufunguka kwa kufuata mwendo wa saa, na cha kushoto kinyume chake. Baiskeli nyingi za mbio za Italia zina vikombe viwili vinavyofunguka vyote kinyume cha saa.