Uzoefu wangu: miaka nane kwenye saplai boti, Mtwara mpaka Abu Dhabi (nyota tatu na nusu)

Juzi tulikutana Ngamiani, Tanga, watu watano, wote tumekula chumvi kwenye saplai boti, tumekaa barazani na kahawa na kashata tunacheka tu, huyu anakumbuka kuki (mpishi) wetu Muhindi, yule anakumbuka kepteni Myukreni aliyekuwa anatembea na soksi brijini, kile chumba cha usukani. Mtoto wa dada yangu yupo pembeni anasikiliza, kamaliza kozi zake pale DMI, chuo cha ubaharia Dar, akauliza "mjomba, hii kazi ni nzuri kweli au mnaifanya tamu kwa kuwa imeisha?" Kila mmoja akajibu lake, ukawa ubishi mpaka adhana ya isha. Sasa naandika la kwangu hapa kwa utulivu, maana wapo wengi wanaouliza hivyohivyo.

Kwa asiyezijua, saplai boti ni zile meli ambazo vyumba, mesi na briji vyote vimerundikwa omo, yaani mbele, halafu nyuma kote mpaka tezi ni deki tupu iliyotandikwa mbao. Kazi yake ni kupelekea mahitaji rigi, ule mtambo wa kuchimba mafuta na gesi baharini, sisi tulikuwa tunaiita Canter ya baharini. Juu ya deki unapakia kontena, mabomba, vikapu vya chuma. Chini ya deki ndio watu hawajui, kuna matangi ya dizeli, maji ya kunywa, tope la kuchimbia, na mengine kama maghala ya duara yamejaa saruji na barite, madini mazito ya kutia kwenye lile tope, vyote unga mkavu, na huo unga unasukumwa na upepo wa kompresa kwenye hosi mpaka juu kwenye rigi. Kwa hiyo ukiambiwa umeajiriwa saplai boti usifikirie utakaa unaangalia pomboo. Wewe ni utingo.

Mimi nilianza 2012 Mtwara, kipindi kile cha gesi, mji umefura, chumba cha gesti kinapanda bei kila mwezi. Visima vya BG, kampuni ya Waingereza, vilikuwa na majina ya samaki, Pweza, Chewa, Jodari, Papa, na vya Statoil ya Wanorwei kuna Zafarani na Tangawizi, kwa hiyo kwenye redio unasikia Mnorwei anatamka "Zafarani" kama anatafuna ubani, na sisi tunasema leo tunampelekea Jodari saruji, akirudisha chenji tunapika. Kule nje kwa kina Zafarani maji yanapita mita 2,500, huko hatukutia nanga, rigi inajishikilia kwa thrasta, yaani mapangaboi ya kuisukuma kila upande, na kompyuta inayosoma setilaiti, na boti yetu nayo hivyohivyo, tunasimama kando yake kama mita ishirini, vyombo viwili vinaelea na havisogei utadhani vimepigiliwa misumari. Mara ya kwanza nilisimama mdomo wazi. Marehemu babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi, angeniambia huo ni uchawi.

Ila hiyo ni bahari ikiwa na adabu. Upepo wa kusi ukiingia, Juni mpaka Agosti Septemba, ndio utajua kwa nini wanakulipa. Deki ya saplai boti iko chini sana, wimbi halihitaji kuomba hodi, linapanda nyuma linapita mpaka kwenye magoti na wewe una slingi, ile kamba ya kunyanyulia mzigo, mkononi. Nakumbuka usiku mmoja wa Agosti 2013, saa nane hivi, tunapandisha saruji. Kreni ikashusha hosi, mimi na mwenzangu wa Mombasa tukaidaka, tukaifunga kwenye kaplingi, tukaifunga na kamba pembeni, tukatoa ishara, chini wakafungua upepo. Hosi ikaanza kutetemeka vizuri, ukiiwekea mkono unasikia unga unapita kama mchanga kwenye debe. Baada ya nusu saa ikanyamaza. Imeziba. Kwenye hosi iliyoziba na upepo uko nyuma yake husogei, maana ikifyatuka inakupiga kama mkia wa nyangumi, basi bosini, mkubwa wetu wa deki, akatuvuta nyuma ya ule ukuta wa chuma wa pembeni, tukachuchumaa pale dakika arobaini tunamsikiliza injinia anatukana kwa Kirusi kwenye redio huku mawimbi yanatupita kiunoni. Mwenzangu akaniambia, "ndugu yangu, mamangu anaamini niko ofisini." Hatujaacha kuitaja hiyo mpaka leo, juzi barazani ilirudiwa mara mbili.

Yule bosini, Mfilipino mzee, ndiye aliyenifundisha kazi kuliko cheti chochote nilichonacho. Kanuni yake ilikuwa moja, kabla hujagusa slingi jua utakimbilia wapi. Hasimami mtu kati ya mzigo na mzigo, hageuzii mtu mgongo kontena linaloning'inia. Kwa sababu kontena linateremka taratibu, boti inapanda na wimbi, vinakutana bam, halafu boti inashuka na kontena linanyanyuka tena kabla hujafungua ndoano. Jamaa yangu mmoja alipoteza kidole cha shahada cha mkono wa kulia hivyo, kwenye shakoli, ile pingu ya chuma ya slingi, sekunde moja tu. Alikuwepo barazani juzi, anashika kikombe cha kahawa kwa vidole vinne, na bado anasema kazi ilikuwa nzuri. Huyo ndio alimwambia mpwa wangu kazi ni nyota tano, mimi nikamwambia wewe kidole chako ndio nyota niliyoitoa.

Vifaa nitavisema haraka. Ovaroli na buti wanakupa, buti chukua namba moja juu maana na soksi nzito miguu inavimba, glavu za kampuni huwa nyepesi, nunua zako. Dawa ya kichefuchefu beba na usione haya, nimeona mtu wa miaka ishirini baharini anatapikia helmeti yake.

Maisha ya ndani yanategemea kuki, usidanganywe na mtu. Meli yenye kuki mbaya hata mshahara ukiwa mzuri watu wanagombana kwa ajili ya rimoti. Wa kwetu alikuwa Muhindi wa Goa, mkono wa dhahabu, chapati zake zinachambuka kama za Forodhani, ila kila siku wali na kari, kari na wali, mpaka nikawa naota ugali. Safari moja nikapanda na kilo tano za sembe na dagaa wakavu. Nikaomba jiko baada ya chakula cha usiku, nikachemsha dagaa wangu na nyanya na ndimu. Dakika kumi haziishi chifu ofisa anakuja mbio na tochi anauliza bomba gani la choo limepasuka. Basi yakawa maneno, mwisho akaonja, akasema si mbaya, ila nisirudie milango ya kabini ikiwa wazi. Kutoka hapo Jumamosi ikawa siku ya ugali, hadi fundi umeme wa Kipolandi anakula kwa mkono.

Mawasiliano enzi hizo yalikuwa kadi ya simu ya setilaiti, dola kumi inaisha hujamaliza kuwasalimia watoto wote. Kwa hiyo tunarudi Mtwara, tukifika pale mtandao unaanza kushika watu wote wanahamia upande mmoja, simu zinaanza kuingiza meseji zote kwa pamoja kama kuku wamemwagiwa mtama. Kuna siku nzuri na kuna siku unamwona mtu anasoma halafu anakaa chini palepale. Mei 2013, zile vurugu za Mtwara za kupinga bomba la gesi, tulikuwa tunarudi bandarini, tukaambiwa hakuna kushuka, na mwenzetu mmoja wa Mtwara familia yake iko mjini, alikaa brijini usiku kucha anapiga namba moja ileile.

Mpaka hapo, kidole nilikuwa namtania tu, naipa kazi nyota tano. Sasa ngoja nieleze moja na nusu zimeenda wapi.

Katikati ya 2014 pipa la mafuta lilikuwa juu ya dola 100, Januari 2016 likashuka chini ya 30. Sisi huku chini hatusomi hizo chati, tunachoona ni rigi inaondoka na hairudi, na saplai boti bila rigi ni Canter isiyo na mzigo. Kontrakti ikaisha, asante kwaheri. Nikakaa Tanga miezi saba nauza samaki wa watu. Ndipo nikampata ajenti, simtaji jina, akasema kuna kazi Ghuba, nilete dola 1,500 za "kuharakisha". Nikauza pikipiki. Hapa ndugu zangu nisikilizeni vizuri: mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia, ile MLC ya 2006, unakataza kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Cha kwako wewe ni pasipoti, kitabu cha ubaharia na cheti cha daktari, basi, hata viza ni ya mwenye meli. Tanzania tumeuridhia 2019, lakini mimi wakati ule nilikuwa hata silijui hilo jina, nilikuwa najua tu kwamba kila mtu analipa, na ajenti alikuwa na ofisi yenye kiyoyozi.

Nikafika Sharjah, Emirati, nikakuta chombo kina umri kama wangu. Kilikuwa cha kuhamishia nanga za rigi, na hiyo kazi ina mambo yake, waya mnene kama mkono wako unapita kwenye rola ya tezi ukiwa umekaza tani kwa tani, na kule Shetland, kaskazini mwa Uskochi, Aprili 2007 meli mpya kabisa ya kazi hiyo, Bourbon Dolphin, ilivutwa na mnyororo wa nanga ikapinduka wakafa watu wanane. Hiyo tulioneshwa darasani. Sasa fikiria uko kwenye chombo kizee, kiyoyozi kimekufa, ni Julai, chuma cha deki kinaunguza kupitia soli, chupa ya maji uliyoiacha nje baada ya dakika chache unaweza kutia majani ya chai. Karatasi ya masaa ya kupumzika inaletwa imeshajazwa, imeandikwa masaa kumi kila siku kama sheria inavyotaka, wewe ni kusaini tu, na jana umelala manne. Mshahara kwenye kontrakti dola 900, mwezi wa kwanza ukaja, wa pili ukaja nusu, halafu miezi mitatu kimya, chombo kimetia nanga nje kinasubiri kazi na sisi tunasubiri maji. Tulivua samaki ili tule. Tulilipwa baadaye, si zote, na ile pikipiki nikaja kuiona Tanga inapita na mtu mwingine.

Kwa haki lazima niseme kampuni iliyofuata ilikuwa kinyume chake kabisa. 2017 mpaka 2020 tulikuwa tunatoka bandari ya Mussafah, Abu Dhabi, kwenda visiwa vya Das na Zirku na rigi za upande wa Zakum, maji ya huko mafupi, safari za masaa, miezi sita ndani miwili nyumbani, mshahara tarehe moja bila kuukumbusha, intaneti mpaka kitandani. Upepo wa shamali unachafua bahari siku mbili tatu, lakini aliyeonja kusi la Mtwara huo anaunywea chai. Hapo nilijenga nyumba. Hapo pia ndipo Covid ilinikuta, na 2020 mabaharia kama 400,000 duniani walikwama melini, mimi mmoja wao, ile miezi sita yangu ikawa kumi na mitatu. Mama alizikwa tukiwa kando ya rigi tunapandisha maji ya kunywa. Kepteni alinipa ruhusa nitoke deki, nikamwambia hapana, nitakaa kabini nifanye nini. Nikashika hosi mpaka tangi likajaa. Niliposaini kushuka sikurudi tena, si kwa hasira, mwili wenyewe ulikataa.

Kwa hiyo ndio nyota tatu na nusu. Ningekuwa napima deki, bahari na watu peke yake ningeweka tano, hata na kile kidole. Mpaka leo silali vizuri bila feni, si joto, ni ule mngurumo wa thrasta masikio yanautafuta, mke wangu ameshazoea.

Nyongeza: mpwa wangu kanitumia jana picha za kontrakti aliyopewa, kurasa sita. Nimempigia jamaa wa vidole vinne tukaisoma pamoja mstari kwa mstari. Meli ya 2013, sawa. Mshahara unasomeka, sawa. Ukurasa wa nne, maandishi madogo, "gharama za huduma" dola 1,200 zitakatwa miezi mitatu ya kwanza. Nimemwambia awaandikie awaulize hiyo huduma ni ipi, na asiuze kitu chochote. Ametuma jana saa kumi jioni. Tiki mbili za bluu zipo, jibu bado.