Ubao wa futi 10 au wa futi 8 na nusu?
Ubao wa kusimama na kupiga kasia mawimbini, wa futi 10 na ujazo wa lita 170, hukubeba hata bahari ikichafuka, na wimbi unalipata mapema. Kuugeuza ndiyo kazi: unakanyaga tezi, yaani nyuma ya ubao, kwa nguvu, omo, ncha ya mbele, bado inang'ang'ania kwenda mbele.

Wa futi 8 na nusu, lita 110, hugeuka upesi, raha tupu! Lakini piga hesabu: kila lita 1 ya ujazo huelesha karibu kilo 1. Mtu wa kilo 80 na ubao wa kilo 8 wanabakiwa na akiba ya lita 22 tu. Ukisita kupiga kasia, ukingo mmoja unazama, maji yanafika vifundoni, magoti yanatetemeka.

Mimi ningeshukia kwanza futi 9, lita 130 hivi, upana usipungue sana. Kusi likivuma, natoka na ule mkubwa.